Saba Tatu Juu ya Jalada Langu

Jumatatu, 24 Juni 1974

Nimeandika tarehe hii kwa hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi. Sijala mchana. Mama Kefa amepakua ugali wa uwele na mlenda, nikautazama tu. Baadaye nimekula kidogo. Baadaye tena nimemaliza.

Sababu ni hii. Leo nimepita ofisi ya kijiji kuulizia kiwanja changu. Namba 14, hatua thelathini kutoka pampu ya maji, ubavuni mwa barabara ya Mkiwa. Kamati ilinipa mwezi wa nne, wiki ile tuliyoshushwa hapa na lori kutoka makwetu ya zamani. Viwanja vyote vitasomwa hadharani siku ya Saba Saba. Kikishasomwa, kimesomwa. Hakuna kubadili. Na kitakachosomwa ni kile kilichomo ndani ya jalada la kila mtu.

Dirishani hapakuwa na mtu. Karani alikuwa amekwenda kula. Karani ni Esta, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyerudi kutoka Dar es Salaam. Huko alifanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta. Mezani palikuwa na majalada mawili. La juu la Ignas, la chini langu. Kila moja limeandikwa tarakimu tatu kwa penseli nyekundu. La Ignas: 6 6 0. Langu: 4 6 0.

Nne!

Ignas ana sita. Ignas muuza kuku, aliyefukuzwa darasa la pili kwa kukoroma. Mimi nimemaliza la nne. Ningemaliza la nane kama upepo haukubeba paa la shule na mwalimu akiwa amelishikilia. Tulimwokota kule Kinampanda siku ya tatu, chaki bado mkononi. Na leo mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa punje za mtama ananipa nne, mbele ya ofisi nzima, kwa rangi nyekundu.

Nimekwenda kilabuni moja kwa moja nikawaeleza watu wote. Lazima kijiji kijue kwamba mtu mzima amepewa nne.

Jumanne, 25 Juni

Nimemkabili Esta. Amenipa shikamoo mjomba. Nimeiacha hewani muda mrefu, ajue. Mwishowe nimeitikia kwa sababu palikuwa na watu.

Amecheka. Amesema, mjomba, hizo si maksi. Ni ruhusa. Kwenye kompyuta majalada hayakai kiholela, na utaratibu huo nimeuleta hapa kwenye kabati letu la majalada. Kila jalada lina tarakimu zinazosema nani afanye nini. Ya kwanza ni ya mwenyewe. Ya pili ni ya kundi lake, na hapa kundi ni kamati ya kijiji. Ya tatu ni ya watu wengine wote. Kusoma ni nne. Kuandika ni mbili. Kutekeleza ni moja, yaani kutoa neno lililomo likafanyike: apimiwe, ahamishwe, aitwe kazini. Unajumlisha. Mwenye nne anasoma tu. Mwenye sita anasoma na kuandika. Mwenye saba amekamilika, hakuna asichoweza. Mwenye sifuri hana lake.

Nimemwuliza kwa nini basi mimi nisome tu jalada langu mwenyewe, kama mgeni anayesoma bango, na Ignas aandike.

Akasema nikumbuke mwezi wa nne. Nilipewa kalamu nisahihishe herufi moja ya jina langu. Nikaandika kwamba nina ng'ombe sitini, kwamba niliwahi kuendesha lori kinyumenyume kutoka Manyoni mpaka Mkiwa, na kwamba niliua simba kwa mwiko. Ilibidi mwenyekiti afute ukurasa mzima. Kwa hiyo wameniondolea mbili yangu, ikabaki nne. Kiwanja chako kipo, mjomba, akasema. Kimegongwa muhuri. Nne hiyo ndiyo inayokilinda.

Inakilinda na nani? Na mimi?

Nikauliza ni nani basi anayepanga tarakimu. Akajibu kwamba kwenye kompyuta yupo mmoja asiyezuiwa na tarakimu yoyote. Anafungua lolote, anabadili lolote. Anaitwa mzizi. Na hapa ofisini, akasema bila kupepesa jicho, mzizi ni yeye.

Nimetoka pale jasho linanitiririka. Kumbe kabati lina mzizi. Ndiyo maana mkono wangu uliwasha siku ile nilipoligusa. Mama Kefa anasema uliwasha kwa sababu nilikuwa nimetoka kurina asali bila moshi. Mama Kefa hajui mambo ya Dar es Salaam.

Alhamisi, 27 Juni

Siku mbaya. Asubuhi nimekutana na Ignas njiani, matenga ya kuku begani. Amenisalimu: habari za asubuhi, Bwana Nne.

Kilabuni hivyo hivyo. Mpisheni Nne akae. Nne, leo umelala salama? Mzee mmoja hanisikii vizuri lakini naye ameambiwa, akanishika mkono akaniuliza kama ni kweli nina wake wanne.

Nimewaeleza kwamba si maksi, ni ruhusa. Ignas akasema Jumatatu niliwaambia wote kwa kiapo kwamba ni maksi, sasa waamini kiapo kipi. Wakacheka mpaka kata ya pombe ikamwagika. Kisha Ignas akasema kwa upole wake wa kinafiki kwamba mtu asiyeaminiwa kushika kalamu kwenye jalada lake hawezi kuaminiwa kukaa jirani na pampu. Yeye yuko tayari kunisaidia mzigo huo. Kuku wake wanapenda maji.

Mama Kefa amerudi kutoka mtoni saa sita, ndoo kichwani, shingo imekaza kama mti. Huku tulikoshikizwa kwa muda, maji ni mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi ni zaidi. Miezi mitatu sasa. Amekaa chini mpaka pumzi imerudi. Kisha akasema: Baba Kefa, hiyo nne iache. Zimebaki siku kumi. Kaa tu. Usiende ofisini, usiseme, usiguse. Siku ya kumi na moja nitachota maji hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, na wewe uitwe Nne, Tano, utakavyoitwa.

Nimemwambia heshima ya mtu haichotwi kwa ndoo.

Akasema ni kweli, na ndiyo maana hajawahi kuibeba mahali.

Amechukua daftari lake akaenda kwenye kisomo cha watu wazima. Anakwenda kila siku jioni na wanawake wenzake, wanaimba a, e, i, o, u kama vifaranga. Huyo ndiye anayenifundisha mimi mambo ya majalada.

Jumamosi, 29 Juni

Nimepata akili usingizini. Tarakimu ya pili. Kamati! Jaladani kwangu kamati ina sita. Kamati inasoma na kuandika. Basi dawa ni kuingia kwenye kamati.

Nimemfuata Mwenyekiti Nathanaeli shambani kwake. Nimemweleza kwamba warina asali wa kijiji hawana mwakilishi. Akaniuliza wako wangapi. Nikasema wengi. Akauliza majina. Nikasema warina asali ni watu wa siri. Nimezungumza mpaka jua likafika utosini na jembe lake likapoteza hamu. Mwishowe akasema haya, ndugu Mughwai, kaa kwenye kamati kama mjumbe wa nyuki, lakini kikao kikianza unyamaze.

Nimekimbia ofisini. Nimemwambia Esta anipe jalada langu na kalamu, nimekuja kama kamati.

Akatikisa kichwa. Akasema mashine haiulizi hivyo. Inaanza kuuliza: huyu ni mwenyewe? Kama ndiye, inatazama tarakimu ya kwanza, inaishia hapo hapo. Haishuki kwenye ya pili. Wewe ni mwenyewe, mjomba. Kwa hiyo nne.

Nikamwambia lakini pia ni kamati.

Akasema kwanza mwenyewe.

Nikamwambia basi leo mimi si mwenyewe.

Akauliza ni nani basi. Nikasema mjumbe wa nyuki. Watu waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Ignas akiwamo. Ignas mwenyewe ni kamati tangu zamani, anawakilisha kuku. Kwa hiyo Ignas anaweza kuandika kwenye jalada langu na mimi siwezi! Nimemwuliza Esta kama hiyo ndiyo haki waliyomfundisha. Akasema ndiyo, lakini kamati ikiandika lazima wajumbe wote watie sahihi, na yeye yupo, nisiwe na wasiwasi.

Sina wasiwasi. Nina hasira. Mtu kuwa mwenyewe kumemharibia mambo. Ningekuwa mtu baki ningeheshimiwa zaidi.

Jumatatu, 1 Julai

Mungu hamtupi mja wake. Droo za kabati zinalia. Kila Esta akivuta, kijiji kizima kinasikia kama nguruwe amekanyagwa. Mwenyekiti ameuliza kwenye kikao nani anajua kupaka grisi. Nilikuwa nimeambiwa ninyamaze lakini nimesimama. Nimesema nilipaka grisi garimoshi zima pale Manyoni nikiwa kijana, peke yangu, likiwa linatembea. Kazi nimepewa.

Nimejitayarisha kwa ajili ya mzizi. Nimetafuna kitunguu saumu, nimevaa shati ndani nje. Esta ameniambia mjomba umegeuza shati. Nimemwambia najua.

Halafu ameniandikia karatasi. Droo nayo ina tarakimu zake, mbali na za majalada. Kusoma droo ni kuona orodha ya majina yaliyomo. Kuandika droo ni kutia jalada au kulitoa. Na ile moja, kwa droo, ni ruhusa ya kupenyeza mkono ndani. Bila hiyo, hata ukijua jina la jalada hulifikii. Leo amenipa saba ya droo ya wakazi, kwa siku moja, maana huwezi kupaka grisi droo iliyojaa. Lakini majalada yabaki na ruhusa zake, akasema. Lako bado ni nne. Usiandike ndani yake, mjomba, hata nukta.

Nimeapa. Na kiapo nimekitunza. Sikuandika ndani yake hata nukta.

Nimelitoa.

Hapo ndipo utajua tofauti ya mtu aliyefika darasa la nne. Jalada wamelifunga, droo wameifungua. Alinikataza kuandika, kutoa hakunikataza, kutia hakunikataza. Nilikuwa na jalada jipya ndani ya shati, rangi ile ile, nililoagiza kwa Kanti mwenye duka mjini Singida wiki iliyopita nikidhani nitatunzia hirizi. Nimeandika jina langu juu kwa herufi nzuri. Nimelitia pale pale lilipokuwa la kwanza. Jina lile lile, nafasi ile ile. La zamani nimetoka nalo kifuani.

Na ndani ya jipya nimeandika kila kitu. Kiwanja 14. Ng'ombe sitini. Lori. Simba. Mwiko. Darasa la nane.

Juu yake, kwa penseli nyekundu ya Esta mwenyewe, nimeweka tarakimu zangu. Nilifikiri kidogo tu. Tunasherehekea nini wiki hii? Saba Saba. Nani asiyeipenda Saba Saba? Na yeye mwenyewe alisema mwenye saba amekamilika. Basi nimeandika saba. Nikaandika saba. Halafu nikaongeza na ya tatu, nizidi hata sikukuu yenyewe.

7 7 7.

La zamani nimelichomeka kwenye paa letu, pale panapopitisha upepo kisogoni kwangu. Limeziba vizuri.

Jumatano, 3 Julai

Nimetangaza kilabuni. Yeyote aniite Nne sasa. Jalada langu lina saba tatu. Ignas ana sita mbili na sifuri. Nimemwita Bwana Sifuri mara tisa, nimehesabu.

Ignas hakukasirika. Ameuliza tu, ya tatu nayo ni saba? Nikamwambia ndiyo, saba, haoni wivu? Akasema anaona. Akanywa akaaga mapema.

Esta ameniita ofisini. Mwenyekiti naye alikuwapo. Jalada langu lilikuwa mezani na wote wawili walikuwa wanalitazama kama mtoto aliyezaliwa na meno. Esta akasema mwandiko si wake. Nikasema ni wangu. Akasema kwa desturi ya mashine, anayelitengeneza jalada ndiye mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kupanga tarakimu zake. Hilo hawezi kunikatalia. Lakini, mjomba, ile ya tatu ni ya watu wengine. Umempa kila mpita njia kusoma, kuandika na kutekeleza. Halafu la zamani lenye muhuri liko wapi?

Nikasema upepo umelibeba.

Akasema mzizi anaweza kurudisha tarakimu. Niseme neno moja tu, aweke sita mbili na sifuri, tuzungumze baadaye habari ya muhuri. Mwenyekiti akasema, ndugu Mughwai, msikilize mtoto.

Nimesimama. Nimewaambia mimi si mtu wa kufungia watu. Tumeambiwa tushirikiane au hatukuambiwa? Jalada la mjamaa wa kweli liko wazi. Anayeficha jalada lake anaficha nini? Asiguse mtu saba zangu.

Mwenyekiti ametazama dari. Esta akasema haya mjomba, wewe ndiye mwenyewe.

Mama Kefa amesikia habari hizo mtoni, kabla sijafika nyumbani. Hakupiga kelele wala hakulia. Ameniuliza swali moja: mtu yeyote? Nikasema mtu yeyote. Hata mwanamke? Nikasema hata mbuzi, akijua kusoma.

Akaomba kalamu yangu. Kwa ajili ya kisomo, amesema. Nimempa. Nimemwambia aandike vizuri "baba anakula ugali".

Ijumaa, 5 Julai

Mikono imetoka malengelenge, naandika kwa vidole viwili.

Jana asubuhi wamekuja watu sita na sululu. Wamesema kwenye jalada langu imeandikwa kwamba Mughwai anajitolea kuchimba choo cha shule, peke yake, futi kumi na mbili. Nikasema sijaandika. Wakasema mtu mwingine ameandika, mtu mwingine ana saba, na mtu mwingine huyo huyo ameshatoa neno litekelezwe. Ni halali. Wamekaa kivulini wakanitazama nikichimba. Wamenipa moyo kwa kupiga makofi.

Mchana bwana josho amenitumia ujumbe. Nilete ng'ombe sitini Jumatatu waogeshwe. Nimemjibu hamsini na nne wako malishoni mbali. Akauliza wapi. Nikasema wanahamahama.

Leo nimekwenda kujisomea mwenyewe. Dirishani kuna foleni kama ya sukari. Wanasoma jalada langu kwa sauti, kwa zamu. Ng'ombe sitini imekatwa, imeandikwa sita. Sita imekatwa, imeandikwa "mbuzi sita, mmoja kilema". Darasa la nane imekatwa, wameandika "alimkimbia mwalimu". Simba imekatwa. Wameandika "paka". Mwiko wameuacha.

Ukurasa wa pili: Mughwai anaogopa jogoo. Ukurasa wa tatu mtu amenichora. Masikio si yangu.

Mahali pengine, kwa mwandiko wa mtu ninayemfahamu, imeandikwa kwamba natamani kukaa kiwanja namba 61. Namba 61 iko kule kwenye majabali, kwa nyani.

Nilitaka kufuta. Nimefuta. Nilipogeuka kumwachia mwingine nafasi, imeandikwa tena. Nimefuta mara nne. Kalamu ziko nyingi kuliko mkono wangu mmoja wenye malengelenge. Esta ameniangalia kwa macho ya huruma. Ameniuliza, mjomba, nirudishe? Watu wote walikuwa wanasikiliza. Ignas alikuwa anasikiliza. Ningesema nirudishie sita, ningeitwa Sita mpaka kaburini.

Nimesema saba ni saba.

Hata hivyo upepo umeanza tena kunipiga kisogoni nikilala. Lile jalada la zamani haliko kwenye paa. Mama Kefa anasema labda panya.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba

Sitaisahau siku hii. Nataka niisahau lakini sitaisahau.

Ngoma, bendera, watoto wa shule mistari mitatu. Nimevaa koti. Mwenyekiti amepanda kwenye meza, Esta pembeni na majalada. Ameanza namba moja. Kila mtu akisikia jina lake anashangiliwa, anapewa karatasi. Mama Kefa alikuwa amesimama na wanawake wa kisomo, amejifunga khanga mpya. Hakunitazama.

Kumi na mbili. Kumi na tatu. Nimesogea mbele, nimesafisha koo.

Kiwanja namba kumi na nne, akasema Mwenyekiti. Sara binti Antipasi.

Nimepaza sauti. Nimeuliza ni nani huyu Sara binti Antipasi, mgeni gani huyu, ametoka wapi, nani amemleta kijijini kuja kuchukua kiwanja cha mtu jirani na pampu.

Ndipo Ignas akasema, taratibu, lakini wote wamesikia: bwana, ni mkeo.

Miaka ishirini na miwili namwita Mama Kefa. Mtu atajuaje?

Wamecheka mpaka mpiga ngoma akaweka ngoma chini. Esta amefungua jalada langu ukurasa wa nyuma kabisa, ambao foleni haikuufikia kwa kicheko, akasoma. Imeandikwa Alhamisi, siku moja baada ya kuniomba kalamu. Herufi kubwa kubwa, zimelala upande, k moja imegeuka nyuma. Maneno haya: *Mimi Mughwai sijui kukaa na kitu bila kukigusa. Kiwanja 14 kiwe cha Sara binti Antipasi ndiye anayechota maji.*

Ameandika kama mtu mwingine, ruhusa anayo. Ametekeleza, ruhusa anayo. Mwenyekiti alipomwuliza muhuri, akatoa karatasi ya zamani, ina masizi ya paa langu. Panya gani anabeba jalada? Esta, kwa mamlaka ya mzizi, akahamisha kiwanja siku hiyo hiyo kwenye jalada la Mama Kefa mwenyewe. Kumbe analo. Alijiandikisha mwezi wa tano kama mwanakijiji kamili, na hakuna aliyeniambia isipokuwa yeye mwenyewe, nikiwa nazungumza.

Hasira yangu ikaja juu. Nikasogea mezani nikamwambia Esta aniletee jalada hilo la Sara, nami nisahihishe. Akaninyooshea nione juu yake. Penseli nyekundu. 6 4 0.

Nikauliza mimi ni tarakimu ipi hapo. Si mwenyewe, akasema. Nikasema basi kamati. Akasema nilifutwa jana, warina asali watatu wamejitokeza na hawanijui. Kwa hiyo, mjomba, wewe ni watu wengine.

Sifuri.

Ignas naye hakucheka muda mrefu, na hilo limenipoza kidogo. Kumbe jana Jumamosi alikuwa ameandika kwenye jalada langu kwamba nampa yeye namba 14. Alichelewa siku mbili. Kiwanja kilishatoka mle, kimekwenda kukaa kwenye sifuri ya Mama Kefa. Amesimama pale na mdomo wazi kama kifaranga chake. Nikamwambia Bwana Sifuri. Akasema na wewe pia.

Namba 61, akasoma Mwenyekiti baadaye sana. Ndugu Mughwai. Nyani wamenisikia.

Jumanne, 9 Julai

Nipo kiwanja namba 14. Kwa hisani.

Jana nilikwenda 61 kuonyesha msimamo wangu. Nyani mkubwa amekalia jiwe ambalo lingekuwa sebule. Tumetazamana. Sikuogopa, ila nilikumbuka kuna jambo nimesahau nyumbani.

Mama Kefa amenipokea kwenye kibanda alichosimamishiwa jana na wenzake wa kisomo. Amesema karibu Baba Kefa, nyumba ni yako kulala na kula kama siku zote, lakini tuelewane. Kutazama, tazama utakavyo. Kuhamisha chungu, kupanga, kuahidi watu kitu cha humu ndani, hapana. Kutekeleza, ndiyo. Akanipa ndoo. Hatua thelathini kwenda, thelathini kurudi. Nimekwenda mara nane leo. Nimejumlisha mwenyewe: nne na moja ni tano. Hata maksi za Ignas sijafikia.

Shingo yake imelegea, nakiri. Jioni ameimba akisonga ugali. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu lori. Sikumwambia. Nina hasira naye.

Lakini nimegundua kosa lao. Nimekaa hapa juu ya ndoo nimewaza, na nimeliona wazi kama mchana. Kosa halikuwa kufungua. Kosa halikuwa kutoa jalada. Kosa ni kwamba saba ilikuwa ndogo. Saba kila mtu aliifikia! Yule, yule, hata Mama Kefa wa a-e-i-o-u. Esta anadai hakuna tarakimu juu ya saba. Kwamba nne na mbili na moja zikijumlishwa zinaishia pale. Huyo amesoma Dar es Salaam. Mimi nimesoma darasa la nne, na darasa la nne tulifika mpaka mia.

Asubuhi nilipokuwa pampuni nimesikia droo ya ofisi inalia tena. Grisi yangu imekauka. Mwenyekiti amesimama mlangoni anauliza nani anajua kupaka.

Nimempungia mkono wenye ndoo. Nina jalada lingine ndani ya koti, nililiagiza jana kwa dereva wa lori la Kanti na leo limefika. Jina nimeshaandika: Sara binti Antipasi, kwa herufi zangu nzuri. Penseli nyekundu nimeichonga kwa panga.

Nane, nane, nane.